Duma na kangaruu nani mkali? Leo tunamaliza ubishi

Haya familia niaje, leo nimepaki pembeni ya barabara huku Australia, jua linazama, subirini nigeuze kamera, mnawaona wale? Watano, sita... wanakula majani kama mbuzi tu, hawana habari na mtu. Sasa tangu ile video iliyopita mmeniganda, eti duma wetu akikutana na hawa nani mkali, wengine mnaapa kabisa duma anammaliza chap. Haya tuone.

Kwenye mbio hamna mjadala, duma baba lao. Kuna duma jike mmoja aliitwa Sarah, wa zuu ya Cincinnati kule Marekani, mwaka 2012 walimpima akakata mita 100 kwa sekunde 5.95, na Usain Bolt rekodi yake ni 9.58, pigeni hesabu wenyewe. Kucha zake haziingii zote ndani kama za paka wengine kwaiyo zinashika ardhi kama njumu, na ule mkia ndo unamshikia balansi, swala akikata kona na yeye huyo anakata nae. Kangaruu mwekundu, yule mkubwa kuliko wote, akitimua sana ni kilomita 60 na kitu kwa saa. Kwaiyo mita 200 za kwanza kangaruu kashashikwa, nakubali.

Ila hapa ndo mnapojisahau. Duma ile spidi inamgharimu jamani! Anakimbia mita mia kadhaa tu pumzi imekata, akikosa amekosa, na hata akipata anakaa pale anahema wee kabla hajala, fisi akitokea anamuachia nyama anajiondokea, maana ugomvi hawezi, akiumia mguu mmoja tu ndo njaa hiyo. Kangaruu yeye ana springi mwilini. Zile kano za miguu ya nyuma akitua zinavutika, alafu zinamrusha tena, yani nguvu ya ruko hili inarudi kusaidia ruko linalofuata. Mwaka 1973 wanasayansi walitoa majibu, waliwarukisha kangaruu kwenye mashine ya kukimbilia wakawapima oksijeni, wakakuta wakishaanza kuruka, spidi inapanda lakini matumizi ya hewa hayapandi nayo. Mimi nikiongeza mwendo kidogo tu nakohoa.

Cha kuchekesha, polepole ndo hawezi. Angalieni yule wa kushoto, anasogea, mmeona? Anaweka mikono chini, anaukita mkia kama mguu wa tano, alafu miguu ya nyuma inakuja mbele yote kwa mpigo. Utasema mzee anatafuta miwani yake sakafuni.

Na ngumi je? Dume kubwa la hawa wekundu linapita kilo 80, duma wengi ni 40 mpaka 60. Dume likikasirika linaegemea mkia, linanyanyua miguu yote miwili linakutandika nayo tumboni, na kucha zake si za mchezo. Mbwa akilifukuza linaweza kukimbilia majini, likisimama maji ya kifuani linamsubiri hapo hapo, akija linamzamisha. Mi nadhani duma mwenyewe akili anayo, lile dume angeliangalia tu akapita, angemtafuta jike mdogo au mtoto aliyezubaa, akavizia karibu kabisa ndo atoke. Asipomdaka mapema, yule anaruka zake mpaka anapotea huku duma kalala chini ulimi nje.

Kwaiyo waliosema duma, mko sawa kama ni mbio fupi. Waliosema kangaruu... oya oya, mmeona? Wote wamesimamisha masikio kwa pamoja. Kuna gari linakuja, ngoja niliwashie taa dereva apunguze mwendo, maana giza likiingia hivi ndo wanaanza kuvuka barabara.