Nyota Mmoja Anaibeba Timu kwa Kiasi Gani?

Mhadhara kwa makocha na viongozi wa timu za mitaa, Lamu

Assalamu alaykum. Masalkheri wazee wangu, walimu, makocha, na nyinyi vijana mliokuja na jezi zenu.

Nimekubali kuzungumza juu ya wachezaji nyota kwa sababu moja. Kila msimu wa mashindano ukikaribia, hapa Amu na kule Mokowe, Faza na Kizingitini, swali la viongozi wa timu huwa ni lile lile: tumlete nani? Mchango unapitishwa, nauli inapatikana, na mamluki mmoja analetwa kutoka Mombasa au Malindi avishwe namba kumi. Mimi naamini pesa hizo, mara nyingi, zinatiwa mahali sipo. Lakini msiniamini hivi hivi. Tuanze mbali kidogo na mpira wa miguu.

Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mpira wa kikapu kinakaribia kumvunja. Tazameni Cleveland Cavaliers ya Marekani. Msimu wa 2009 hadi 2010, ikiwa na LeBron James, ilishinda mechi 61 kati ya 82. Akahamia Miami. Msimu uliofuata Cleveland ilishinda 19, na humo ndani ikapoteza mechi 26 mfululizo. Mwaka 2014 akarudi: kutoka ushindi wa mechi 33 wakapanda hadi 53, na 2016 wakachukua ubingwa. Akaondoka tena 2018, wakaporomoka kutoka 50 hadi 19. Ni kweli kwamba kocha na wachezaji wengine nao walibadilika katika miaka hiyo. Hata hivyo, mtu ametoka, amerudi, ametoka tena, na timu imemfuata juu na chini kila mara. Ushahidi wa namna hiyo hatuupati mara nyingi michezoni.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ya sheria za mchezo wenyewe. Uwanjani wako watano tu. Mechi ni ya dakika 48 na nyota anaweza kucheza karibu 40 kati yake. Anashambulia na kulinda. Kocha akitaka, mpira unapita mkononi mwake karibu kila timu yake inapopanda. Tena kila timu hupata nafasi karibu mia ya kushambulia katika mechi moja, kwa hiyo bahati haina pa kujificha: aliye bora ataonekana tu, hata akianza vibaya.

Na hata huko msije mkadhani mtu ni mmoja peke yake. Michael Jordan aliingia Chicago Bulls mwaka 1984, na ubingwa wa kwanza hakuuona mpaka 1991, Scottie Pippen alipokwisha kukomaa. Jordan alipostaafu kwa mara ya kwanza mwaka 1993, watu walidhani Chicago imekwisha. Bila yeye ilishinda mechi 55, pungufu mbili tu ya msimu uliotangulia. Ubingwa waliukosa, lakini timu ilisimama.

Sasa geukeni upande wa besiboli, mchezo ambao wengi wetu hapa hatujawahi kuucheza. Humo wapigaji ni tisa na wanapiga kwa zamu iliyopangwa. Ukishapiga wewe, unakaa ungoje wanane wenzako. Hakuna kocha anayeweza kukurudisha kabla ya zamu yako, uwe hodari vipi. Los Angeles Angels walikuwa na Mike Trout, aliyechaguliwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa ligi yake, na kuanzia 2018 hadi 2023 wakawa pia na Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha mpira na kuupiga, yote mawili kwa kiwango cha juu kabisa. Misimu sita wakiwa wote wawili, timu haikufika hatua ya mtoano hata mara moja. Ohtani akahamia Los Angeles Dodgers, kwenye kikosi kilichojaa wachezaji hodari, akachukua ubingwa 2024 na tena 2025. Mikono ilikuwa ile ile.

Voliboli, mabinti zetu wanaijua vizuri kuliko mimi. Sheria inakataza mtu kugusa mpira mara mbili mfululizo, ukiacha ule mguso wa kuzuia kwenye neti, na timu ina migusano mitatu tu. Mpiga smashi mkali kuliko wote Kenya atafanya nini ikiwa sevu imepokewa ovyo na mpira umekwenda nje? Tena wachezaji wanazunguka: nusu ya nafasi sita ziko nyuma, na akiwa nyuma haruhusiwi kurukia mbele ya mstari wa mita tatu apige. Sheria yenyewe inamlazimisha nyota awategemee wenzake.

Na kwenye mbio za kupokezana vijiti, Usain Bolt alipoteza dhahabu ya Beijing 2008 miaka mingi baadaye, mwaka 2017, kwa sababu vipimo vya mwenzake, Nesta Carter, vilionyesha dawa iliyokatazwa. Yeye mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Timu ilikuwa moja, na hukumu ikawa moja.

Hapo ndipo tunafika kwenye mpira wa miguu, na hapa nataka nikae.

Uwanjani wako 11, dakika ni 90, na mchezaji hata awe nani huwa na mpira mguuni kwa dakika chache sana. Mabao ni machache: moja linaamua mechi. Maana yake kosa moja la beki lina thamani sawa na bao moja la nyota. Nyota wako akifunga na kipa wako akautema mpira, mko sare. Tena nyota anaweza kufungiwa: wapinzani wakimwekea watu wawili, na beki wako wa kushoto akawa hawezi kutoa pasi ya mita ishirini, yule mliyemlipia nauli atashinda uwanjani akinyoosha mikono.

George Weah alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mwaka 1995, Mwafrika wa kwanza na mpaka leo wa pekee. Aliipenda Liberia kwa moyo wote na alitumia pesa zake mwenyewe kuihudumia timu ya taifa. Aliiinua, hilo halina ubishi: wakaenda Kombe la Mataifa ya Afrika 1996 na 2002. Kwenye safari ya kuelekea Kombe la Dunia la 2002 walipata pointi 15, Nigeria wakapata 16, wakakosa kwa pointi moja. Mtu mmoja aliifikisha nchi ndogo iliyokuwa bado vitani mpaka mlangoni, mlango wenyewe ukawashinda. Kila nikiikumbuka habari hiyo naumia.

Karibu na nyumbani, kwenye Kombe la Mataifa la 2019 kule Misri, Tanzania walikuwa na Mbwana Samatta, aliyetoka kuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Sisi tulikuwa na Victor Wanyama wa Tottenham. Tuliwafunga Watanzania 3-2, Samatta akiwa amefunga moja. Lakini Tanzania walipoteza mechi zote tatu, na sisi tukatoka kwenye makundi baada ya kufungwa na Algeria na Senegal. Sasa kumbukeni Agosti 2025, mashindano ya CHAN, ambako wanacheza wa ligi za nyumbani pekee. Harambee Stars bila jina hata moja kubwa ikawafunga Kongo ya Kinshasa, Moroko na Zambia, ikafungwa bao moja tu katika mechi nne za kundi, na kutolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Najua CHAN si sawa na Kombe la Mataifa. Ninachotaka mkione ni lile bao moja katika mechi nne. Huo ni ulinzi wa watu wote.

Paris Saint-Germain nao walikuwa na Messi, Neymar na Mbappé kwa pamoja kwa misimu miwili, na mara zote mbili wakatolewa Ligi ya Mabingwa kwenye 16 bora. Mbappé, wa mwisho wao, akaondoka 2024. Mwaka uliofuata wakaifunga Inter Milan 5-0 kwenye fainali, wachezaji wote wa mbele wakiukimbiza mpira.

Mtaniuliza, na Maradona? Mwaka 1986 Argentina ilifunga mabao 14, yeye akifunga matano na kutoa pasi za mabao matano mengine. Sijui mfano mkubwa kuliko huo. Ila Argentina hiyo hiyo ilifungwa mabao matano tu katika mechi saba. Maradona alipopoteza mpira, nyuma yake kulikuwa na watu.

Manahodha wa hapa hili hawahitaji kufunzwa. Siku ya mashindano ya mashua, nahodha hodari anausoma upepo kuliko wenzake, lakini vijana wa kujitupa upande wa joshini, unakotoka upepo, wakizembea, ujuzi wake wote unaishia majini.

Kwa hiyo ombi langu kwenu makocha ni hili. Kabla hamjapitisha mchango wa nauli, andikeni majina ya kikosi chenu kuanzia aliye dhaifu kuliko wote. Chukueni nusu ya pesa hizo, mnunueni glavu za kipa, mumtafutie mtu wa kumfundisha jioni tatu kwa wiki. Beki wa pembeni anayeogopa mpira, mpeni pasi mia kila zoezi mpaka woga umtoke. Mkibakiwa na pesa, na mkampata mamluki, mleteni. Atakuta timu ya kumpa mpira.

Naona kocha wa Shela ameinua mkono toka nilipomtaja Maradona. Tuanze na swali lake.