Chora gauni la binti mfalme kwa mkono wa Velázquez

Karibuni watazamaji. Leo tunachora picha ya mtu kama alivyochora Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania. Alitoka Sevilla akaingia ikulu Madrid mwaka 1623, na hakuacha kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1660. Mfano wetu ni picha ya binti mfalme Margarita mwenye gauni la bluu, ya mwaka 1659. Mtoto ana miaka minane tu, na tayari amekusudiwa kuolewa na Kaizari Leopold wa Vienna, ambaye ni mjomba wake. Picha ilipelekwa huko ili wamwone anavyokua, na mpaka leo iko Vienna.

Kwanza, kanvasi. Usianze juu ya weupe. Paka kijivu chenye ukahawia kidogo, kisha acha ikauke vizuri.

Pili, chukua brashi nyembamba na rangi ya kahawia uliyoilegeza kwa tapentaini, uweke umbo: kichwa, mabega, halafu ile sketi pana yenye fremu ndani. Kwa upana ule, sijui mtoto alipitaje mlangoni! Ukikosea, paka juu yake uendelee. Velázquez mwenyewe alibadilisha miguu ya farasi kwenye picha ya Felipe akiwa amepanda, iliyopo kwenye jumba la makumbusho la Prado, Madrid, na miguu ya zamani bado inaonekana.

Tatu, uso. Nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi zinatosha. Yeye alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Sisi tunatumia ya titani. Kivuli kiwe chepesi, sehemu yenye mwanga iwe nzito. Usizungushie midomo mstari. Pitisha brashi kavu ukingoni, polepole, mpaka wekundu uingie kwenye shavu.

Nne ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii: gauni. Paka bluu kwa wepesi, mikunjo uikolezee nyeusi kidogo. Ikishikana, tunaweka mapambo ya fedha, na rangi ya fedha ya dukani iache huko huko. Tandika kijivu kwanza. Sasa tazama mkono wangu: brashi ina nyeupe nzito, nagusa, nainua. Gusa, inua. Hapa naacha pengo, pale naburuta kidogo. Ukisogeza jicho karibu unaona madoa matupu, hakuna uzi hata mmoja. Rudi nyuma hatua nne, tano... umeona? Darizi imejitokeza. Wanafunzi wengi huharibu hapa kwa kukaa wameinamia kanvasi wakihesabu nyuzi. Chora mwanga unavyoruka juu ya kitambaa, na kila baada ya miguso michache uondoke ukatazame kutoka mbali.

Yale manyoya ya kukinga mikono baridi, yaliyo mkono wake wa kushoto, ni kahawia tu kwa brashi kavu.

Mwisho, nyuma yake. Iwe giza, bila vitu vingi. Brashi ikichafuka unaweza kuifutia papo hapo, kwani kwenye baadhi ya picha za Velázquez mifuto hiyo ipo mpaka leo, pembeni ya mtu anayechorwa.

Vanishi isubiri. Mahali palipo na nyeupe nzito huchukua miezi kukauka, kwa hiyo simamisha kanvasi penye hewa, mbali na vumbi la jikoni.