Rangi ya Jiwe Isikudanganye

Ndugu walimu, mafundi, na vijana mliotoka Ujiji, Mwanga na Gungu, karibuni. Mawe haya mezani yashikeni, mpitishiane. Naomba tu tusianze na rangi.

Hili jekundu limetoka upande wa Manyovu. Wekundu wake ni kutu ya chuma, utando mwembamba uliofunika chembe. Jiwe la mchanga huwa jekundu, la tope nalo huwa jekundu, kwa hiyo rangi haitufikishi popote. Mwamba wa mashapo, yaani ulioundwa na chembe au makoa yaliyorundikana na kugandamana, tunauuliza mambo mawili: umeundwa na nini, na chembe zake zikoje kwa ukubwa na umbo.

Ukubwa una vipimo vyake, vilivyopangwa na Mmarekani Chester Wentworth mwaka 1922. Chembe inayozidi milimita 2 ni changarawe. Kuanzia hapo hadi milimita 0.0625 ni mchanga. Chini yake ni tope, na chini ya milimita 0.004 ni mfinyanzi. Hizo mbili za mwisho jicho haliwezi kuzitenganisha, basi tumia meno. Kwangua unga kidogo, uweke kwenye meno ya mbele, usage taratibu. Ukikwaruza, kuna tope. Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Mnacheka, lakini wanajiolojia wazima na shahada zao hufanya hivyo porini.

Umbo nalo linasema. Kokoto za mviringo zilizogandamana ni konglomereti: maji yamezisugua muda mrefu. Zenye kingo kali ni breksia, hizo hazijafika mbali na mlima zilikovunjika.

Sasa tabia ya madini yenyewe. Kwatzi ni sugu, husafiri mbali bila kuoza. Felspa, kwenye joto na mvua, hugeuka mfinyanzi upesi. Ukikuta jiwe la mchanga ambalo zaidi ya robo ya chembe zake ni felspa, tunaliita akosi, na ujue mchanga wake ulifukiwa haraka kabla felspa haijaoza. Linganisha na mawe magumu ya vilima vyetu hapa Kigoma: chembe ni kwatzi, na kilichoziunganisha pia ni kwatzi. Ukilipiga nyundo, ufa unapita katikati ya chembe badala ya kuzizunguka. Wapasua mawe wanaijua adha yake kuliko mimi.

Kuna mawe ambayo hayakuanza na mlima wowote. Chini ya Ziwa Tanganyika, sehemu za kina kifupi, yametandazika makoa ya konokono aitwaye Neothauma, na samaki wadogo huishi ndani yake. Hayo yakigandamana ni mawe ya chokaa. Mwaka 1962 mwanajiolojia Robert Dunham alitupa swali zuri la kuyapanga: je, makoa yanagusana na kubebana, au yanaelea ndani ya tope? Yakibebana, maji yalikuwa na nguvu ya kuondoa tope. Yakielea, palikuwa patulivu. Mimi naliona swali hili lina faida kuliko orodha ndefu ya majina.

Mwisho, wachoma chokaa. Dondoshea asidi hafifu: jiwe la chokaa litatoa povu papo hapo. Dolomiti, iliyo na magnesi, itanyamaza mpaka ulikwangue kwanza, kisha udondoshee ule unga. Msilipie lori kabla ya kulijaribu hivyo.