Shati jeupe na uso: mazungumzo na klabu ya picha ya shule

Mkuu wa shule, walimu, wazazi mliojaliwa kufika, na nyie wanafunzi wa mbele ambao mnalitazama begi langu kuliko mnavyonitazama mimi. Marahaba, marahaba. Kaeni.

Nimeambiwa nizungumzie kamera. Itatoka kwenye begi, ila bado. Kwanza kila mmoja amtazame jirani yake. Shati jeupe, sivyo? Lile la kule nyuma limeshageuka rangi ya maziwa, lakini tulihesabu jeupe. Sasa tazama uso ulio juu ya shati hilo. Hapo kati ya shati na uso ndipo mimi nilipoaibika.

Nilikuwa na kamera mpya ya mkopo. Nikaitwa kushuti mahafali ya kidato cha nne, shule moja hapahapa Dar es Salaam, uwanjani, saa saba mchana. Nikaiweka kamera kwenye oto, ijiamulie yenyewe, nikashuti saa tatu nzima kama fundi. Wiki iliyofuata nikapeleka picha. Mashati safi, unahesabu mpaka vifungo. Nyuso nyeusi tititi, na penye macho pana mashimo. Mama mmoja akashika picha ya watoto 12, akaisogeza dirishani, akaigeuza hivi na hivi, kisha akaniuliza: "Baba, wangu ni yupi?" Nusu ya pesa niliirudisha. Lile swali sikuwa na pa kulirudisha.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya kamera kuna meta inayopima mwanga, nayo haijui shati wala haijui mtu. Inaona mwanga tu, na imefundishwa kuamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, inatoa kijivu cha katikati. Ukiipelekea watoto 12 wa mashati meupe juani, inashtuka: hapa pamezidi kung'aa! Inapunguza mwanga mpaka mashati yarudi kwenye kijivu chake, na nyuso zetu, ambazo toka mwanzo zina giza kuliko shati, zinazama. Kamera haikuharibika. Ilikisia, nami nikaiachia ikisie.

Enzi za filamu mambo yalikuwa mazito zaidi. Maabara za kusafishia picha zilipewa kadi ya kulinganishia rangi iliyotoka kampuni ya filamu ya Kodak, na kwenye kadi hiyo alikuwapo mwanamke Mzungu. Kadi yenyewe ikaitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, fundi anasema mashine iko sawa. Wengine wote tulipimwa kwa Shirley. Na waliochunguza historia hiyo wameandika kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ianze kuonyesha vizuri rangi za kahawia ni watengeneza chokoleti na wauza samani, waliochoka kuona bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chekeni tu. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, halafu nikakaa kimya.

Sasa dawa. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, usiguse shati, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga. Kwenye kamera, pima mwanga usoni, au ongeza hatua moja ya mwanga juu ya kile inachokwambia. Shati litaungua kidogo. Liungue! Hakuna mama anayetafuta shati la mwanawe.

Dawa ya pili hainunuliwi. Mnaovaa mashati meupe ni kifaa. Msimamishe mnayempiga picha kando ya dirisha, upande mmoja wa uso uwe na mwanga. Upande wenye giza wasimamishe wenzake watatu wakimwelekea. Mashati yao yatarudisha mwanga kwenye shavu lile. Studio za mjini wanafungua mwavuli mweupe kwa kazi hiyohiyo. Mwalimu, hapo bajeti ya mwaka huu umeshaokoa.

Na saa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri linapita utosini hasa: mwezi wa tatu na mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi! Msimu wenyewe wa mahafali. Jua likiwa utosini paji la uso linayafunika macho, ndiyo yale mashimo yangu. Waombeni walimu picha ya pamoja ipigwe saa mbili asubuhi, au chini ya mwembe, kwenye kivuli kisicho na madoa ya jua. Jioni nayo ni nzuri, ila kwetu jua halichelewi kama nchi za mbali na ikweta, linashuka wimawima. Ukianza kutafuta betri, limeshazama.

Nimeshaona mipango ya klabu kadhaa, na nyingi zinaanza kwa orodha ya manunuzi: kamera mbili, lenzi, droni. Droni ya nini? Mngeniachia mimi, mwezi wa kwanza msingegusa hata kamera. Mngekaa darasa hilihili asubuhi, mchana na jioni, mkiandika mwanga unaingia dirisha lipi na unaangukia dawati lipi. Mwezi wa pili simu moja kwa watu watano, ili wanne wajifunze kusubiri na kutazama mwenzao anavyokosea. Na kila mtu apige picha 10 tu kwa wiki. Sisi tuliojifunza kwa filamu ya picha 36 hatukuwa na akili kuliko nyie. Tulikuwa na woga wa gharama, na woga ule ulitufundisha kuangalia kabla ya kubonyeza.

Kwenye video, mlango wa pili ni sikio. Mtazamaji anavumilia picha inayotikisika kidogo. Sauti mbovu haivumilii hata dakika. Sikilizeni chumba hiki. Feni. Kunguru, hao ndio wenyeji. Bodaboda. Mvua ikianza juu ya bati, fungeni kazi mkanywe chai. Maiki ya simu ni ndogo na inasikia zaidi kilicho karibu nayo, basi msogelee msemaji mpaka mkono mmoja, au tumia simu ya pili: mfukoni mwa shati lake, inarekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza kusema. Wakati wa kuediti utaoanisha kofi unaloliona na kofi unalolisikia, na sauti zitalingana.

Mmewahi kuona michirizi inapita kwenye video iliyochukuliwa chini ya tyubulaiti? Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa inapepesa mara mbili: mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Kamera inajua. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1 kwa 50, michirizi itatulia.

Nani amewahi kusikia jina Mohamed Amin? Mwalimu, wewe usinyooshe. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapahapa Dar es Salaam, na akiwa bado mwanafunzi alianza na Box Brownie, kamera ya boksi ambayo karibu haina kitu cha kurekebisha. Mwaka 1963 akafungua hapa mjini kampuni yake, Camerapix. Oktoba 1984 picha zake za video za njaa ya Ethiopia, kutoka Korem, zilirushwa na BBC, dunia ikaamka. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro. Wengi wanamtaja kwa ujasiri. Mimi nataka mtafute zile picha za Korem mtazame kamera inavyotembea: polepole, usoni kwa watu. Hakimbii.

Jambo la ruhusa nitalisema kwa ufupi maana mwalimu wenu wa uraia yupo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni. Lakini hata kabla ya sheria, mtu akiinua kiganja hivi, shusha kamera. Na mwenzako aliyeanguka jukwaani, video yake usiirushe kwenye grupu.

Maswali? Ndiyo, binti.

Anauliza kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hii. Mimi naishi. Harusi, sendofu, matangazo ya maduka, na picha za pasipoti, msizidharau. Zimelipa ada za wanangu wawili. Miezi ya mfungo kazi ni chache, jiwekee akiba. Wanaotaka kusoma zaidi, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, wanafundisha.

Mwingine? Wewe wa nyuma, wa shati la maziwa. Unasema simu yako imepasuka kioo. Kamera yake inaona? Basi njoo nayo hapa dirishani. Nyie watatu, simameni upande huu, mgeukieni. Mtu azime feni. Sasa usibonyeze bado. Mtazame shavu la kushoto, halafu mwambie yule wa katikati asogee mbele hatua moja.