Kidonda Kufunga Si Saratani Kuisha

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni pana: mafuta ya bangi na saratani ya ngozi. Nitakaa kwenye jambo lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, kwamba kidonda kufunga si saratani kuisha, kwa sababu watu bado wanaumia.

Wengi mnaijua habari ya Rick Simpson, yule Mkanada. Mwaka 2003 alipaka mafuta mazito ya bangi kwenye saratani yake ya seli basali, aina ya saratani ya ngozi, akafunga bandeji, na baada ya siku chache akasema amepona. Simwiti mwongo. Nauliza tu: chini ya ile ngozi mpya kulikuwa na nini? Wanaonisimulia habari hii huishia kwenye ngozi iliyofunga. Hawafiki kwenye kinyama kilichokatwa pale pale baadaye na kupimwa kwa hadubini. Na hapo ndipo penye jibu!

Saratani ya seli basali hukua polepole. Huota kigaga, kigaga kikadondoka, pakafunga, mtu akashukuru Mungu. Baada ya muda panavuja damu tena. Hufanya hivyo hata usipopaka kitu. Ukipaka mafuta wakati panafunga, sifa zote huenda kwa mafuta. Kumbe yenyewe inatambaa chini kwa chini kuelekea kwenye jicho au gegedu la pua. Madaktari wameyaona haya kwa waliotumia ile dawa nyeusi ya kuunguza ngozi: juu kovu safi, chini saratani hai. Ni sawa na kupaka rangi nguzo iliyoliwa na mchwa.

Najua kuna anayesema moyoni, “Huyu anatetea kisu cha upasuaji.” Hapana. Dawa za kupaka zipo, na madaktari wanaziandika: imikwimodi, fluorourasili. Lakini hutolewa baada ya kinyama kupimwa, kwa saratani za juujuu, na mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka. Hata hivyo, katika utafiti wa Uingereza uliolinganisha imikwimodi na upasuaji kwa seli basali zisizo hatari sana, baada ya miaka 3 krimu ilifaulu kwa wagonjwa 84 hivi kati ya 100, na upasuaji kwa 98. Hiyo ni dawa iliyopimwa, ya kipimo kinachojulikana. Mafuta ya bangi hayajawahi kupitishwa kwenye mizani hiyo. Nileteeni utafiti wa namna hiyo, nitausoma usiku huo huo.

“Lakini wanasayansi wa Hispania walithibitisha kwamba bangi huponya saratani ya ngozi!” Walichapisha mwaka 2003, ndiyo. Walitumia kemikali mbili zilizotengenezwa maabara, kwa panya, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Ni kazi nzuri, lakini si mafuta yaliyochemshwa nyumbani wala si ngozi ya binadamu. Na mwaka 2008 utafiti mwingine ulionyesha kuwa panya wasio na vipokezi ambavyo bangi hujishikiza, walipomulikwa kwa mionzi kama ya jua, walipata uvimbe mchache zaidi, yaani huenda vipokezi hivyo ndivyo vilivyosaidia uvimbe kuota. Mbona huu hausambazwi?

Naambiwa muda unakwisha. Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, basi, kwa haraka: hii haisubiri. Hatari yake hupimwa kwa unene, kwa milimita, na mafuta hayawezi kukupimia. Wenye ngozi nyeusi, tazameni nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kama tayari unapaka, usione haya wala usifiche. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie umepaka nini na kwa muda gani, muonyeshe mahali hasa kidonda kilipokuwa hata kama pamefunga, na mwombe akate kinyama kikapimwe.