Jinsi ya kuchagua mashine ya kukata nyasi ya kukalia, anza na uwanja wako

Haya wapendwa karibuni, leo tunachagua mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia unaendesha, na kabla hujaenda dukani kuulizia nguvu ya injini naomba kwanza utoke nje na tepu ya kupimia, maana uwanja wako ndo unaokwambia ununue nini.

Anza na ukubwa. Kama nyasi hazifiki nusu ekari baki tu na ya kusukuma, kweli kabisa. Ikiwa ni ekari moja hivi, yaani kama mita za mraba 4,047, deki ya inchi 42 inatosha vizuri. Deki ndo hili bakuli la chuma hapa chini lenye visu, na watu wanapenda kuchukua pana kuliko zote wakidhani watamaliza haraka, sasa kama ardhi ina mabonde na vichuguu deki pana inapita juu ya kichuguu inakwangua mpaka udongo unaonekana, uwanja unabaki na vipara.

Sasa mteremko, hapa naomba tusikilizane maana watu wanapinduka nazo na wanakufa. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uweke pima maji juu yake, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, halafu inua ile ya chini taratibu mpaka kipovu kikae katikati, umeona? Pima kutoka ncha hiyo kwenda chini ardhini. Ikifika sentimita 27 hapo una nyuzi 15 tayari, na ikizidi hapo usipeleke mashine ya kukalia, tumia nyingine.

Twende kwenye aina. Hii yenye usukani inakata kona kwa magurudumu ya mbele, ndo naipendekeza kwa uwanja wenye mteremko wa wastani, unapanda na kushuka nao, usikate kwa kuambaa ubavuni. Hii nyingine ya mikono miwili ya kuongozea badala ya usukani, ziro tani (zero-turn), inageuka hapo hapo iliposimama, ukiwa na miti mingi na vitanda vya maua utaipenda sana, ila vile vigurudumu vya mbele vinajizungukia tu, kuongoza kote kunafanywa na matairi ya nyuma, kwa hiyo yakiteleza kwenye nyasi mbichi huna tena usukani. Uwanja tambarare tu hiyo.

Pima na geti jamani! Na usisahau lile domo la pembeni la kutolea nyasi, linaongeza inchi kadhaa, inchi 42 za deki sio upana wa mashine nzima.

Gia, ukiweza chukua haidrostatiki, unakanyaga pedali tu mwendo unapanda na kushuka bila kubadilisha gia. Ulizia pia spea, mikanda na visu hasa, kama muuzaji hana wala hajui vinapatikana wapi achana nayo.

Ukiwa pale pale dukani omba uijaribu. Washa, washa na visu, halafu inuka kidogo kwenye kiti bila kushuka. Visu vizimike hapo hapo. Visipozimika usiilipie, hata wakikwambia fundi atairekebisha kesho.