Ufunguo wa Kabati la Bastola

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Idi, wiki iliyopita uliniacha njia panda. Ulisema polisi wa Uingereza walikuwa na bastola tangu zamani. Mimi nawajua kwa virungu.

IDI: Yote kweli, dada. Bastola zilikuwepo, ila kabatini, kumefungwa. Januari 1909, pale Tottenham, London, majambazi wawili wanapora mishahara ya kiwanda. Askari wanakimbilia kabati, ufunguo hauonekani.

REHEMA: Usiniambie!

IDI: Wakalivunja. Wengine wakaazima bastola za wapita njia. Majambazi wameteka tramu, polisi wako nyuma na kigari cha farasi.

REHEMA: Sinema ya bure.

IDI: Usicheke sana, alikufa askari, na mtoto wa miaka 10.

REHEMA: Lo. Na hao hao huku kwetu askari wa mkoloni walimpa bunduki.

IDI: Kwao rungu, kwetu bunduki! Hiyo ina kipindi chake. Sasa twende mikoani, maana kule kila polisi wa eneo wana mkuu wao, anapanga mambo yake. Polisi wa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndio waliowahi: 1976 walianzisha magari ya kuitika papo hapo, yaani ya askari wenye silaha walio tayari kwa wito, na mtindo huo ndio uliokuja kuigwa. London iliingiza magari yake ya silaha 1991.

REHEMA: Miaka 15! Walikuwa wanangoja nini?

IDI: Katikati hapo kuna Hungerford. Kamji kadogo ka Berkshire, 19 Agosti 1987, mchana kweupe. Michael Ryan anaingia mtaani na bunduki anazomiliki kwa kibali. Polisi wa eneo hilo, Thames Valley, wana kikosi cha silaha, lakini siku hiyo kiko mazoezini, maili 40 kutoka pale. Helikopta iko kwa mafundi. Kituo cha polisi cha mji kinakarabatiwa, simu ni laini mbili tu, na mji mzima unapiga.

REHEMA: Mungu wangu. Na askari wa karibu?

IDI: Roger Brereton aliwahi kufika, mikono mitupu. Alipigwa risasi ndani ya gari lake. Ryan aliua watu 16, kisha akajiua.

REHEMA: Basi si wangewagawia wote bastola, yakaisha?

IDI: Ndipo inapokuja Birmingham, 1985. Polisi wanaingia nyumba ya watu kumtafuta baba wa familia, mmoja anainama kuchungulia uvunguni, bastola inafyatuka. Inamuua mtoto wa miaka 5 aliyekuwa kitandani. Mimi kwa hilo siwalaumu waliosita kugawa bastola.

REHEMA: Kwa hiyo hayo magari ya 1991 yalikuwaje?

IDI: Silaha zilikaa garini, ndani ya sanduku la chuma, limefungwa.

REHEMA: Ah! Kabati lile lile, limewekewa magurudumu.

IDI: Ila safari hiyo ufunguo haukupotea. Kilichongojwa ni sauti ya mkubwa redioni, kuruhusu lifunguliwe.